Mtoto wa Nyumba Yenye Ugonjwa

(Hotuba iliyosomwa na Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Halmashauri ilituagiza tuseme leo habari za vijana ambao mzazi wao ni mgonjwa asiyetarajiwa kupona, au ni mtu aliyetekwa na pombe hata hana nguvu ya kujizuia. Watu huyatenga mambo haya mawili, kwani mgonjwa huhurumiwa na mlevi huchekwa. Lakini mtazameni mtoto aliyemo ndani. Katika nyumba zote mbili yeye ndiye apikaye, ndiye afuaye, ndiye amwinuaye mtu mzima, mmoja kitandani na mwingine mlangoni. Ndiye awanyamazishaye wadogo zake usiku. Na asubuhi huenda shuleni akaulizwa mbele ya wenziwe kwa nini hesabu zake hazikufanywa. Kwa sababu hiyo tumeyaweka pamoja.

Twaanza na daftari la fedha, maana ndilo tulishikalo kila siku. Mtu akilifungua ataona fungu la jeneza, fungu la gari la kuchukulia maiti, fungu la chakula cha matanga, na fungu la rambirambi kwa mjane. Kila fungu lina kanuni yake na kiwango chake, na hesabu zake zimekaguliwa kama mlivyosikia. Jina la mtoto huingia katika daftari hilo siku mzazi wake anapofariki. Kabla ya siku hiyo, hata kama mzazi ameugua miaka miwili, hakuna ukurasa wa mtoto.

Kanuni hii haikuwekwa kwa ubaya. Vyama vya kusaidiana vilivyoundwa mijini zamani za ukoloni, Nairobi na Mombasa na kwingineko, vilikuwa na hofu moja kubwa, nayo ni mtu wa kwao kuzikwa na manispaa kama asiye na ndugu. Wazee wale walichanga senti zao ili maiti irudi nyumbani kwa heshima, na hatuna neno la kuwalaumu. Lakini magonjwa yanayotupata sasa aghalabu ni ya muda mrefu. Saratani, figo, kisukari, moyo, haya hukaa na mtu miezi na miaka. Na ulevi, ambao Chama cha Madaktari cha Marekani kiliutangaza mwaka 1956 kuwa ni ugonjwa, waweza kumla mtu miaka ishirini. Muda huo wote mtoto anakua. Tukimngoja mpaka siku ya kaburi, twamkuta amekwisha kuacha shule, au ameolewa, au amejifunza kutoaminiana na watu.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Basi tuupime mzigo wenyewe kidogo kidogo, maana wengi wetu twauona mepesi kwa kuwa hatujauinua.

Twamjua msichana mmoja, hatutamtaja wala hatutasema ni wa upande gani, ambaye baba yake alishikwa na saratani ya umio, yaani ile njia ya chakula. Ugonjwa huu ni wa huzuni hasa katika nchi yetu, na upande wa magharibi mwa Bonde la Ufa umewakamata hata watu wa makamo na vijana. Hospitali ya misheni ya Tenwek huko Bomet inajulikana sana kwa kuwawekea wagonjwa wa namna hii bomba dogo la wavu kooni, ili wapate kumeza uji na maziwa. Bomba hilo haliondoi ugonjwa. Lampa mtu nafasi ya kula na kuongea na watu wake mpaka siku zake zitimie. Msichana huyu alikuwa na miaka kumi na mitano. Mama yake alikuwa akiuza mboga sokoni ili nyumba ipate kula, kwa hiyo mchana wote aliyekuwa na mgonjwa ni yeye. Hakulalamika juu ya kazi. Jambo lililomshinda kusema, na mama mmoja wa Chama ndiye aliyeling'amua, lilikuwa kumwogesha baba yake.

Wazee wetu, ninyi mwajua kuliko sisi jinsi desturi zetu zinavyosema juu ya binti na uchi wa baba. Hapa binti alikuwa akizivunja kila siku kwa kulazimika, na baba akilia kwa fedheha, na wote wawili wakinyamaza. Na wakati huo huo wanaume wa rika la baba yule walikuwa wakifika Jumapili, wakiketi uani, wakiomba dua, wakinywa chai aliyoipika binti yule yule, wakaenda zao. Hakuna aliyekusudia ukatili. Hawakuulizwa, nao hawakuuliza. Kumgeuza mgonjwa kitandani kila baada ya saa mbili ili mwili usipate vidonda, kumwosha na kumbadilisha nguo, si kazi inayohitaji elimu ya daktari. Wanaume wawili waweza kujifunza kwa mwuguzi katika asubuhi moja. Twaliomba jambo hili kwanza, nalo halina gharama hata shilingi moja: kwa baba mgonjwa waende wanaume, kwa mama mgonjwa waende wanawake, kwa zamu iliyoandikwa, ili mtoto abaki mtoto mbele ya mzazi wake.

Liko na jambo la dawa. Tangu mwaka 1990, hospisi ya Nairobi ilipoanza, Kenya imekuwa na matunzo ya wagonjwa wasiotazamiwa kupona, na leo hospitali nyingi za kaunti na za misheni zina chumba au mwuguzi wa kazi hiyo. Dawa yao kubwa ya maumivu makali ni mofini ya maji, inayonywewa. Watu wengi huiogopa. Wako wasemao kwamba mgonjwa akianzishwa mofini basi ameandikiwa kifo, na wengine kwamba atageuka mlevi wa dawa. Maneno haya yote mawili hayana msingi. Mofini hutolewa kwa sababu ya maumivu, na mgonjwa anayepewa kwa kipimo cha daktari hupata nafuu ya kulala, kula na kusema na watoto wake. Lakini angalieni ni nani ashikaye chupa hiyo nyumbani. Mara nyingi ni kijana wa miaka kumi na minne. Hana budi ajue ya kwamba dawa hii hunywewa kwa saa, kwa kawaida kila baada ya saa nne, wala haingojwi mpaka mgonjwa apige kelele. Kwamba hufunga choo, kwa hiyo daktari hutoa na dawa ya kulainisha tumbo. Kwamba chupa huwekwa mahali pasipofikiwa na wadogo. Na kwamba daktari aweza kupanga kipimo cha usiku ili mgonjwa alale, na yule mtoto naye alale. Neno hili la mwisho wengi hawalijui. Kijana anayeamka kila saa nne kwa miezi mitatu hawezi kufaulu mtihani, hata angekuwa na akili za namna gani.

Sasa twaja kwenye jambo ambalo wazee wengine watalipinga, nasi twalisema kwa heshima. Ni desturi yetu kumficha mtoto ugonjwa wa mzazi. Twasema, "Usimwambie, atafadhaika." Lakini mtoto anaona. Anaona mwili unavyopungua, anasikia minong'ono ikikatika anapoingia, anajua kwamba ng'ombe ameuzwa. Ukimnyima habari ya kweli, atajitungia yake mwenyewe, na mara nyingi ile aliyojitungia ni mbaya zaidi. Watoto wadogo hudhani wao ndio walioleta ugonjwa, kwa sababu siku moja walikataa kutumwa au walimjibu mama vibaya. Wakubwa hudhani wamekwisha kuambukizwa. Tena mtoto aliye chini ya miaka mitano au sita hajui bado kwamba mauti hayana kurudi. Ukimwambia baba "amelala" ataogopa kulala, na ukimwambia "amesafiri" atakaa barabarani akingoja gari. Tumewaona waliokaa hivyo.

Mtoto wa umri huo huambiwa maneno mafupi: baba ana ugonjwa mkubwa, si wewe uliouleta, hauambukizi kwa kumshika mkono, madaktari wamejitahidi, na fulani atakutunza. Kijana wa sekondari huhitaji zaidi. Yeye aulizwe anataka kujua nini, na mzazi mwenyewe akiweza ndiye amwambie. Mithali yetu husema mficha maradhi kifo humwumbua, nasi tumezoea kuitumia juu ya mgonjwa. Yamkini yawafaa pia wenye nyumba.

Nchi yetu imekwisha kufundishwa jambo hili kwa bei kubwa. Ukimwi ulitambuliwa Kenya mwaka 1984, na ni mwaka 1999 serikali ilipoutangaza kuwa janga la taifa. Katika miaka hiyo yote, kabla dawa za kuufifiza hazijawafikia watu wa kawaida, watoto kwa maelfu waliwauguza wazazi wao nyuma ya milango iliyofungwa kwa aibu, kisha wakarudi kwa nyanya zao. Wako watu wazima miongoni mwetu leo ambao walikuwa watoto wale. Waulizeni nini kiliwaumiza zaidi. Wengi hawatataja njaa. Watasema ni kutoambiwa. Na mpango wa serikali wa kuzipa fedha nyumba zenye yatima na watoto walio hatarini, ulioanza mwaka 2004, haukuwahesabu yatima peke yao. Ulitazama pia nyumba ambayo mlezi wake ana ugonjwa wa muda mrefu. Serikali, ambayo twapenda kuilaumu kwa uzito wake, ilikwisha kuuona ukurasa huo ambao daftari letu halina.

Tuje kwa pombe.

Mtoto wa mlevi ana mzigo ambao mtoto wa mgonjwa hana, nao ni kutojua jioni italeta baba wa namna gani. Baba huyo huyo aweza kuja na sukari na mkate akiimba, au akaja akivunja sufuria. Mtoto hujifunza kusikiliza miguu njiani. Walimu watakuambia: kuna watoto ambao kengele ya saa kumi ikilia wenzao hukimbia nje, wao hubaki wakifuta ubao usio na maandishi. Na pale mnywaji anapokuwa mama, jambo huwa zito maradufu, kwa kuwa kijiji kizima humhukumu na watoto hujitwika kazi ya kumficha. Humwambia mwalimu mama ana malaria. Mwalimu akiuliza tena, malaria huwa taifodi.

Mwaka 1980 sheria ilipiga marufuku chang'aa kabisa, nayo haikukoma. Ikapikwa mabondeni usiku. Mwaka 2010 Sheria ya Kudhibiti Vileo iliifuta ile ya zamani, ikaruhusu chang'aa itengenezwe kwa leseni na vipimo, ikaweka saa za kuuza, ikakataza mtu yeyote kumwuzia au kumpa pombe aliye chini ya miaka 18. Hatukuja kubishana juu ya sheria hiyo. Hata hivyo twakumbusha kwamba mtoto anayetumwa na baba kununua kibuyu au chupa hana kosa, mwenye kosa ni yule anayempimia. Wanachama wenye maduka watusikie.

Lakini sheria haikuzuia sumu. Novemba mwaka 2000 pombe iliyoitwa kumi kumi iliua watu zaidi ya mia katika mitaa ya maskini ya Nairobi. Mei mwaka 2014 watu wengi walikufa na wengine wakapofuka katika Embu, Kiambu, Makueni na kaunti nyingine kwa kunywa kileo chenye methanoli, na Februari mwaka 2024 msiba wa namna hiyo ukaingia Kirinyaga. Methanoli ni pombe ya viwandani. Ini likiibadilisha huwa asidi iharibuyo mshipa wa macho na kuchafua damu. Ubaya wake hauonekani mara moja. Mtu hulewa kama kawaida, akalala, na madhara yakaja baada ya saa nyingi, hata siku ya pili. Basi watoto wa nyumba ya mnywaji wafundishwe wazi wazi: mzazi akiamka akisema haoni vizuri, au aona ukungu, au akihema kwa nguvu na kutapika, asiachwe "alale itoke". Apelekwe hospitali saa ile ile, maana dawa ipo, na kila saa ina thamani ya macho na uhai.

Jambo la pili wafundishwe, nalo karibu halijulikani kabisa. Watoto wakubwa, hasa wavulana, wakichoka sana hushauriana kumfungia baba ndani siku tatu ili pombe imtoke. Twaielewa hasira yao. Lakini mtu aliyekunywa kwa wingi kila siku kwa miaka, akikatiwa ghafula, huanza kutetemeka na kutoka jasho. Katika siku mbili za kwanza aweza kupatwa na kifafa, na kati ya siku ya pili na ya nne aweza kuweweseka, akiona wadudu na watu wasiokuwapo, homa ikipanda. Wako wafao kwa hali hiyo. Kazi ya kumwachisha mlevi wa namna hii ni ya hospitali, ambako atapewa dawa ya kumtuliza na vitamini, tena chini ya macho ya mtu anayejua. Kijana akimfungia baba yake kwa nia njema na baba akafia humo, kijana yule ataibeba maiti hiyo moyoni maisha yake yote. Afadhali aambiwe mapema.

Na tumwambie la tatu, ambalo si la hospitali. Vijana wengi wa nyumba hizi huamini ya kwamba wakiwa wema zaidi, wakishika nambari ya kwanza darasani, wakiosha vyombo kabla ya kuambiwa, baba ataacha. Baba haachi. Ndipo huamua ya kwamba wema wao hautoshi, au kwamba wao ndio sababu. Huko Marekani, chama cha walevi wanaosaidiana kuacha pombe kilianza mwaka 1935 katika mji wa Akron. Mwaka 1951 jamaa zao wakaunda cha kwao, na mwaka 1957 vijana, watoto wa walevi, wakaanzisha mikutano yao wenyewe inayoitwa Alateen. Huko mtoto husikia kutoka kwa mwenziwe wa rika moja kwamba hakuuleta ugonjwa ule na hana uwezo wa kuuponya, ila ana wajibu wa kuishi maisha yake. Neno hilo hilo likisemwa na mzee huonekana ni mahubiri. Likisemwa na kijana aliyelala nje ya nyumba yake jana usiku huaminika. Twadhani parokia na shule zetu zaweza kutoa chumba kimoja Jumamosi alasiri kwa kazi ya namna hii, bila bango mlangoni, na mtu mzima mmoja tu mwenye kujua kunyamaza.

Pahala penye kipigo, hata hivyo, hatusemi uvumilivu. Wako wazee wasemao mambo ya nyumba yaishe nyumbani. Mtoto anayepigwa, au binti anayesumbuliwa na wale wanaokuja kunywa kwa baba yake, haishiwi mambo nyumbani. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, iliyoshika nafasi ya ile ya mwaka 2001, yataka maslahi ya mtoto yatangulizwe, na Maafisa wa Watoto wapo katika kaunti ndogo. Nambari ya simu ya msaada kwa watoto ni 116, nayo haitozwi. Wahudumu wa afya ya jamii, waliotandazwa nchini na serikali tangu Septemba mwaka 2023, hupita nyumba kwa nyumba. Wawe macho yetu, nasi tuwe miguu yao.

Yabaki mambo ya karatasi, ambayo sisi makarani twayaona makubwa kuliko watu wayaonavyo. Mzazi anapokuwa bado anaweza kushika kalamu, mambo manne hayana budi yafanywe: vyeti vya kuzaliwa vya watoto wote vipatikane, kwa kuwa bila cheti mtoto hupata taabu hata kuandikishwa mtihani, watu wa nyumba waandikishwe katika SHA, maana bima ya NHIF ilikoma mwaka 2024 na wengi bado wanashika kadi ya zamani wakidhani wamekingwa, mlezi wa watoto atajwe, kwani sheria humruhusu mzazi kumteua kwa wosia au kwa hati, na wosia wenyewe uandikwe. Juu ya wosia tutaongeza kidogo. Kwa Sheria ya Urithi, iliyotungwa mwaka 1972 na kuanza kutumika mwaka 1981, wosia wa maandishi hutiwa sahihi mbele ya mashahidi wawili, na ni vyema wasiwe warithi. Wosia wa mdomo pia waweza kukubaliwa, mradi usemwe mbele ya mashahidi wawili au zaidi, na mwenye kuusia afariki ndani ya miezi mitatu tangu kuusema. Ikipita miezi hiyo naye yu hai, maneno yale hayana nguvu tena. Ni mashamba mangapi yameondoka mikononi mwa watoto kwa sababu mzee aliusia Pasaka akafariki Krismasi?

Wazee wetu, pindi mnapoketi uani kwa mgonjwa, mwulizeni juu ya karatasi hizi. Akiulizwa na nduguze mwenyewe hudhani wanataka shamba. Akiulizwa na Chama, huelewa kwamba kila mtu anaulizwa hivyo. Wengine watasema kutaja wosia kwa mtu aliye hai ni kumwitia mauti. Sisi hatujaona mauti yakingoja kuitwa.

Sasa tuseme habari ya fedha, ambayo ndiyo hoja yenyewe. Halmashauri yaomba mkutano huu ukubali kwamba katika kila shilingi kumi zichangwazo kwa mazishi, shilingi moja itengwe katika fungu jipya litakaloitwa Fungu la Nyumba. Fungu hili litatumika mzazi angali hai: nauli ya kumpeleka mgonjwa hospitali ili mtoto asikose shule kwa kumsindikiza, sabuni na shuka, karo ya muhula ulioharibika, nauli ya mlevi aliyekubali kwenda kutibiwa. Litamhusu mtoto wa mlevi sawasawa na mtoto wa mgonjwa, wala halitapitia mkononi mwa mzazi anayekunywa. Shule italipwa shuleni, na mwenye duka dukani.

Twajua litakaloulizwa, kwa sababu limekwisha kuulizwa mlangoni kabla ya mkutano. Je, si kumzawadia mlevi? Baba hapati kitu. Na mtoto hakuchagua baba. Je, jeneza litapungua? Jeneza halitapungua, wala gari. Kitakachopungua ni ng'ombe wa pili wa matanga. Bei ya ng'ombe huyo, kwa bei za soko letu, yaweza kumweka kijana shuleni muhula mzima, na wageni wa matanga hawajawahi kulala njaa kwa ng'ombe mmoja na gunia la mchele. Mama zetu, wapikao katika matanga hayo, walituambia hili kabla sisi hatujalihesabu.

Swali la tatu lilikuwa zito kuliko hayo, nalo ni la siri. Mwenye nyumba hataki jina lake lisomwe mbele ya mkutano kama wasomwavyo wafu. Kwa hiyo Fungu la Nyumba litakuwa na daftari lake peke yake. Katika mkutano itasomwa jumla ya fedha tu, zilizoingia na zilizotoka. Majina yatajulikana kwa watu watatu, yaani Mweka Hazina, mama mmoja atakayechaguliwa na wanawake, na mzee mmoja atakayechaguliwa na wazee, na kila mwaka wawili hawa wa mwisho watabadilishwa. Karani hatakuwa miongoni mwao, kwa ombi letu wenyewe, maana meza ya karani hupitiwa na watu wengi.

Zamu za kuwaosha wagonjwa hazingoji kura. Karatasi ya wanaume na karatasi ya wanawake zimetundikwa ukutani nyuma yenu, na mwuguzi amekubali kufundisha Jumamosi ijayo saa tatu asubuhi. Anayejiandikisha aandike na siku anayoweza. Hoja ya Fungu la Nyumba iko mbele yako, Bwana Mwenyekiti.